Tabuleti za tumbo (ile misuli ya vipande) zilikuwa zimeanza kuonekana, sasa tumbo limerudi laini kama fufu, ule ugali wetu. Ni mafuta ao ni maji?

Chuma_Kadutu · Jumapili, saa 3:40 usiku

Jambo yenu wote. Naandika nikiwa na hasira kidogo, mnisamehe.

Mimi ni fundi seremala hapa Kadutu, Bukavu, miaka 27, urefu mita 1.74. Tangu mwezi wa sita nakula chakula cha kupunguza mwili huku napiga vyuma siku nne kwa wiki. Vyuma vyenyewe, wa Bukavu mnavijua: bare (chuma kirefu cha kunyanyulia) moja ya kweli tuliyoichangia watu sita, na nyingine ni bomba la maji lenye mikebe ya maziwa ya unga iliyomiminwa sementi huku na huku. Mkebe wa kushoto unamzidi mwenzake kidogo, kwa hiyo kila seti tunageuka.

Nilianza na kilo 84.2. Wiki ya kwanza nikaondoa fufu kabisa, bia nikaacha, jioni nikabaki na maharage, sambaza (samaki wadogo wa ziwa) na lengalenga (mchicha). Siku ya saba balansi ikasema 81.3. Karibu kilo tatu! Nikamwita hadi jirani aje aone. Wiki ya tatu nilikuwa 79.8, na tabuleti mbili za juu zilikuwa zinaonekana asubuhi nikisimama ubavu kwa dirisha.

Halafu mambo yakagoma. Siku kumi na sita balansi iko palepale: 79.6, 79.9, 79.7. Nikajiambia nimelegea, basi nikaongeza. Chakula nikakipunguza tena, nikaanza kukimbia alfajiri kutoka Kadutu kushuka hadi La Botte na kupanda tena, nikaongeza na siku nzima ya miguu. Leo asubuhi: 80.3. Na si balansi peke yake. Tabuleti hazipo. Ngozi ya chini ya kitovu ukiishika inateleza kati ya vidole, kama fufu iliyozidiwa maji. Nakula nusu ya zamani, halafu nanenepa?

Mdogo wangu anaoa mwisho wa mwezi wa nane na suti yangu imeshakatwa kwa vipimo vya mtu wa kilo 76. Ni kiburi changu, najua. Rafiki mmoja kanipa vidonge kumi vya kukojoza. Anasema watu wa mashindano ndivyo wanavyofanya, na maji nishushe hadi nusu lita kwa siku. Kabla sijameza nimeona niulize.

Kifaranga_Nguba · saa 3:52 usiku

Kaka, vidonge vya nini? Funga sashe (mfuko wa plastiki) kwa tumbo, vaa pulovere mbili, kimbia. Mi nilifanya vile siku moja tu, nikatoka 71 nikaingia 69.

Hesabu_tu · saa 3:55 usiku

Na ulipokunywa maji?

Kifaranga_Nguba · saa 3:56 usiku

Nikarudi 71. Lakini 69 niliiona na macho yangu.

Hesabu_tu · saa 4:20 usiku

Kaka Chuma, kazi yangu ni kufundisha hesabu, mambo ya mwili nayasoma tu kama wengine. Ila tukae na namba zako kidogo.

Kilo moja ya mafuta ya mwili huhesabiwa kuwa kalori 7,700 hivi. Kutoka 79.6 hadi 80.3 ni kilo 0.7. Ili hiyo iwe mafuta, lazima ungekula kalori kama 5,400 juu ya zile ulizozitumia. Wewe unasema unakula nusu na unakimbia milima ya Kadutu. Hizo 5,400 zilipita wapi kuingia?

Sasa rudi wiki ya kwanza, maana hapo ndipo ulipodanganyika. Kilo 2.9 zingekuwa mafuta matupu, upungufu wako ungepita kalori 22,000 kwa siku saba, yaani 3,000 na kitu kila siku. Hiyo ni sawa na seremala wa kilo 84 kukaa wiki nzima bila kutia kitu mdomoni. Wewe ulikuwa unakula maharage. Nakupa mafuta nusu kilo, ukinibembeleza sana nitakupa 0.7. Iliyobaki, wewe na jirani yako mlikuwa mnashangilia mkojo.

Ulikuwa mkojo wa nini? Fufu, wali, viazi, ndizi, mwili huzigeuza sukari na kuweka akiba kwenye misuli na kwenye ini. Akiba hiyo wanaiita glaikojeni. Mtu mzima anaweza kuwa na garama 400 hadi 500 kwenye misuli na kama 100 kwenye ini, na kila garama hukaa na maji karibu garama tatu. Uliondoa fufu, ukapiga vyuma, akiba ikashuka na maji yake yakafungua mlango. Weka na chakula kilichopungua ndani ya utumbo, maana nacho kina uzito. Kilo mbili zinapatikana bila kugusa mafuta.

Ubaya ni kwamba baada ya hapo ulitegemea kila wiki iwe kama ile. Mtu wa kilo 80 anayepungua nusu kilo hadi 0.8 kwa wiki anaenda vizuri sana. Nusu kilo kwa wiki ni garama 70 kwa siku. Glasi moja ya maji inaificha.

DadaEssence · saa 4:41 usiku

Nyinyi kaka zetu mnagundua leo kitu ambacho sisi kinatupiga kila mwezi.

Mimi nina kilo 63. Siku nne, tano kabla ya hedhi nakuwa 64.5, mara nyingine 65, na sijala kitu tofauti. Pete haitoki. Suruali ya Jumatatu inafungwa kwa shida Ijumaa. Siku ya tatu ya hedhi, pete inazunguka yenyewe kwenye kidole. Nilipoanza vyuma nililia mara mbili juu ya hiyo balansi, nikaapa kuacha. Siku hizi sifananishi tena wiki na wiki iliyoitangulia. Nafananisha wiki ya pili ya mwezi huu na wiki ya pili ya mwezi uliopita. Hapo ndipo nauona mteremko.

Swali moja kaka Chuma. Hiyo siku ya miguu uliianza lini?

Chuma_Kadutu · saa 4:44 usiku

Jumatano. Leo kanisani ngazi nimezishuka kinyumenyume, watoto wakanicheka.

DadaEssence · saa 4:50 usiku

Basi hapo una maji ya kwanza. Msuli uliopewa kazi usiyoizoea unaumia kidogo kidogo ndani, unavimba, unashika maji mpaka upone. Mapaja ndiyo misuli mikubwa kuliko yote uliyonayo. Pima mapaja yako na utepe leo, upime tena Ijumaa.

Kifaranga_Nguba · saa 4:58 usiku

Mimi niko nasema chumvi. Aache chumvi yote, sufuri. Nimeona kwa video.

MamaLishe · Jumatatu, saa 12:15 asubuhi

Wanangu, jambo. Nimeamka na uzi wenu, na kwanza kabisa: Chuma, vidonge usimeze. Nitakueleza kwa nini, lakini kama una haraka ya kwenda kazini, hilo peke yake lishike.

Mimi nimestaafu. Miaka ishirini na zaidi nilikuwa muuguzi kwenye kituo cha lishe cha watoto, huku kwetu Kivu ya Kusini. Kwa hiyo vyuma sivijui. Maji mwilini nayajua.

Nyote mmekulia hapa, neno bwaki mnalijua, ule utapiamlo wa kuvimba. Vitabu vinaita kwashiorkor, neno la watu wa Ga wa Ghana. Daktari Cicely Williams ndiye aliyelitia kwenye maandishi ya udaktari, mwaka 1935. Mtoto wa bwaki mara nyingi haji amekauka. Anakuja na mashavu ya duara, macho yamezibwa na kope, miguu imejaa. Bibi yake alikuwa anamsifu kijijini kwamba amenona. Unamweka kwenye mizani, unasoma kilo 9.1, mzani unakuambia mtoto si mbaya sana. Halafu unachukua kidole gumba, unabonyeza juu ya mguu wake, unahesabu sekunde tatu, unaachia. Shimo linabaki. Unaweza kuliangalia, linajaa polepole kama tope. Yale yote yalikuwa maji. Mtoto mwenyewe, ukiyaondoa, alikuwa mfupa na ngozi.

Sasa sikilizeni sehemu inayomhusu Chuma. Tukianza kumtibu vizuri, mtoto huyo anapungua. Kilo 9.1 inakuwa 8.8, 8.4, 8.0. Mama yake anaona namba zinashuka kwenye karatasi ya kitandani, anafunga mzigo wake, anasema mnanimalizia mtoto. Nimewahi kumshika mama mlangoni, ameshambeba mtoto mgongoni. Nikamwonyesha miguu: tazama, mikunjo imerudi, vifundo vinaonekana. Mtoto alikuwa anapona huku anapungua. Kuanzia pale ndipo hamu ya chakula inarudi, anacheka, na sasa akianza kupanda ni nyama ya kweli. Na yule mwingine anayepanda kilo bila miguu kukauka, huyo ndiye tulikuwa tunamwita daktari usiku.

Kwa hiyo mimi mzani sijawahi kuuamini peke yake hata siku moja. Unapima mfupa, nyama, mafuta, maji, uji wa asubuhi na choo ambacho bado. Vyote kwa bei moja.

Chuma, sisemi una bwaki. Lakini fanya kama nilivyosema: kidole gumba, mbele ya mfupa wa muundi na juu ya mguu, sekunde chache. Kama shimo linabaki, au viatu vinakubana kila jioni, au unahema ukilala chali, usitafute ushauri kwenye uzi. Nenda upimwe moyo, figo na ini.

Halafu unijibu: unalala masaa mangapi? Na jioni unakula nini hasa, si majina tu, na kimepikwaje?

Chuma_Kadutu · saa 12:50 asubuhi

Aksanti sana Mama. Nimebonyeza, hakuna shimo, ngozi inarudi palepale.

Kulala, masaa manne, matano. Kazi ni nyingi kabla ya msimu wa harusi, halafu saa kumi alfajiri naamka kukimbia.

Chakula: kwa vile nimeacha mafuta ya mawese, kila kitu kilikuwa hakina ladha. Basi natia kibu za supu, tatu kwenye sufuria yangu moja. Samaki wabichi wakiwa bei juu nanunua makayabo, wale samaki wa chumvi. Nayaloweka, lakini si sana, nikirudi nina njaa.

MamaLishe · saa 1:05 asubuhi

Umeyapika maji mwenyewe. Makayabo yasiyolowekwa na kibu tatu!

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite garama 5 za chumvi kwa siku, ni kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Wewe hicho kijiko unakivuka kabla hujamaliza sahani. Chumvi ikizidi kwenye damu, mwili unashika maji ili kuizimua, na kiu inakuja kuleta mengine. Si dhambi, ndivyo figo zilivyoumbwa.

Lakini Kifaranga, sufuri hapana. Mtu anayetoka jasho kwenye mlima kila alfajiri anahitaji chumvi. Na ukibadilisha ghafla, maji yanatikisika siku chache halafu mwili unazoea, unarudi kwenye usawa wake. Ninachotaka ni chumvi ya leo ifanane na ya jana. Loweka makayabo usiku mzima, mwaga maji mara mbili. Kibu moja.

Na usingizi. Mtu anayekula nusu, anayekimbia gizani na kulala masaa manne, mwili wake unajua uko vitani. Homoni ya shida, kotisoli, inapanda, na ikikaa juu mwili unashika maji. Kisha njaa yenyewe ikizidi inaleta uvimbe wake. Wakati vita ya pili ya dunia inaelekea kwisha, mtaalamu Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, kwa miezi sita, ili ajue namna ya kuwalisha walioteswa na njaa Ulaya. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Na vifundo vya miguu vikavimba maji. Wembamba na wamevimba, kwa wakati mmoja. Wewe hujafika huko, lakini umeshika njia.

Muzee_Bare · saa 2:30 asubuhi

Mama amesema yote, mimi niongeze kuhusu vidonge tu, kwa sababu mimi nilivimeza.

Mwaka 1989, bado ni Zaire. Nina miaka 23 na kifua cha kuwekea glasi. Mashindano yako mjini, kwenye ukumbi wa hoteli moja. Zawadi ni kombe la bati na kreti mbili za bia. Magazeti ya Kifaransa tulikuwa tunasomea kwa zamu, kurasa zimelegea kama noti ya zamani, na humo tulikuwa tumeelewa kwamba siku mbili za mwisho hunywi maji. Mwenzangu mmoja mwenye mjomba kwenye famasi akaleta vidonge vya kukojoza.

Usiku ule sikulala, nilikuwa naenda nje kila nusu saa. Asubuhi balansi imeshuka kilo tatu na nusu. Nikajipaka mafuta, nikaenda mbele ya kioo, nikaona mtu simjui. Uso umeingia ndani. Na mikono! Mikono niliyoijenga miaka mitano ilikuwa imelala kama mpira wa baiskeli uliotoboka. Sikuelewa. Nilifikiri maji yatatoka chini ya ngozi na misuli ibaki. Kumbe msuli wenyewe robo tatu yake ni maji. Ukikausha nyumba, na ukuta unapasuka.

Jukwaani niliitwa kwa pozi la tatu, la mgongo. Nikakaza. Mguu wa kushoto ukashikwa na mshipa, halafu wa kulia, halafu tumbo. Nilianguka kwa kuchuchumaa, watu wakapiga makofi wakidhani ni pozi jipya. Moyo ulikuwa unapiga mbili, unaruka, unapiga moja. Hiyo ndiyo sijaisahau.

Aliyeshinda ni kijana wa Bagira, siku ile alikuwa amekula sahani ya wali na ndizi na kunywa maji kama mtu yeyote. Misuli imejaa, mishipa imesimama.

Miaka mitatu baadaye, mwezi wa kumi 1992, tukasikia mjenga misuli Mohammed Benaziza amekufa Uholanzi, saa chache baada ya kushinda mashindano. Yule tuliyembandika ukutani! Vidonge vya kukojoza vilitajwa. Vinatoa maji pamoja na potasiamu, na moyo bila potasiamu ndio ule unaopiga mbili ukaruka. Mwaka 1996 akafuata Andreas Münzer wa Austria, aliyekuwa anasifiwa kwa ngozi nyembamba kuliko wote. Wale walikuwa na madaktari na pesa. Wewe una rafiki na pakiti isiyo na karatasi ya maelezo.

Kifaranga_Nguba · saa 2:41 asubuhi

Muzee, ile kilo tatu na nusu ilirudi?

Muzee_Bare · saa 2:43 asubuhi

Kabla ya jua kuzama. Na zile kreti mbili yule wa Bagira alinigawia.

Mgeni_Bagira · saa 6:10 mchana

Samahani kuingilia. Kreatini je, ile poda ya wapiga vyuma? Nilianza wiki iliyopita, nimepanda kilo 1.4, nataka kuitupa.

Hesabu_tu · saa 6:35 mchana

Usitupe. Kreatini inavuta maji kuyaingiza ndani ya msuli, si chini ya ngozi. Kilo moja hadi mbili mwanzoni ni kawaida yake, hasa kwa wanaoanza na dozi kubwa. Garama 3 hadi 5 kwa siku zinatosha, bila hiyo haraka. Andika tu tarehe uliyoanza, usije ukalaumu wali. Kama figo zako zina historia, muulize daktari kwanza.

Chuma_Kadutu · saa 2:15 usiku

Nimesoma yote, vya Muzee nimevisoma mara mbili. Nifanye nini basi, kwa maneno ya fundi?

DadaEssence · saa 2:40 usiku

Kwa maneno ya fundi: acha kupiga randa ubao uliokwisha kunyooka.

Wiki mbili. Rudisha fufu, ngumi moja ya mkono wako mchana na moja jioni, si mlima. Protini usiiguse: kwa uzito wako ziwe garama 130 hivi kwa siku, kutoka kwa sambaza, mayai, maharage, na mashanza (maziwa ya mgando) ukiyapata. Kukimbia, mara mbili kwa wiki. Vyuma endelea na uzito uleule, maana ndivyo vinavyouambia mwili usile misuli. Maji kunywa kama una kiu na zaidi kidogo. Mwili unaonyimwa maji unabana yale uliyonayo. Lala.

Balansi: kila asubuhi baada ya choo, kabla ya chai, bila nguo, namba unaiandika na kuisahau. Jumapili unajumlisha saba, unagawa kwa saba. Hiyo moja ndiyo unaruhusiwa kuijadili na jirani.

Na utepe kiunoni, usawa wa kitovu. Maji ya mapaja hayafiki kwenye utepe wa kiuno. Ulijipimia lini mara ya mwisho?

Chuma_Kadutu · saa 2:52 usiku

Utepe ninao wa kazi, sijawahi kujipimia. Lakini fundi wa suti aliandika kiuno, 93, mwezi wa sita. Ngoja.

Chuma_Kadutu · saa 2:58 usiku

87. Nimepima mara tatu. 87.

Hesabu_tu · saa 3:01 usiku

Sentimeta sita zimeondoka kiunoni, na mtu anataka kumeza sumu.

Chuma_Kadutu · Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa 12:30 asubuhi

Nimerudi na habari.

Siku tatu za kwanza fufu iliporudi, balansi ilipanda hadi 81.0. Nusura nivunje ahadi, nilikishika kile kifurushi mkononi. Kilichoniokoa ni kwamba vyuma vilikuwa vyepesi. Mikebe ile ya sementi niliisukuma mara kumi na mbili, wiki iliyotangulia nilikuwa nakwama kwenye nane. Mikono ilikuwa imejaa, shati la kazi linabana begani.

Jumapili nikalala masaa tisa. Mke wangu alifikiri naumwa.

Juzi usiku niliamka kukojoa mara tatu, na sikuwa nimekunywa kitu zaidi. Jana 79.1. Leo 78.4. Nimesimama ubavu kwa dirisha, tabuleti ziko nne, na kuna mshipa unapita hapa chini ya kitovu sijawahi kuuona. Chini ya wiki mbili zilizopita nilikuwa naishika ngozi hiyohiyo nikitaka kulia. Mafuta yale yalikuwa yameshaondoka zamani, maji yakakaa kwenye kiti chake.

Kuna aibu moja lazima niitoe. Nyumba yetu iko kwenye mteremko, sakafu ya mbao, mnajua zile. Balansi nilikuwa naiweka mahali popote, siku nyingine juu ya mkeka. Jana nikaipima kwa pima-maji ya kazini. Kwenye kona ya mlango sakafu inalala, na balansi inanipa kilo 1.2 zaidi ya kwenye ile kona yenye sementi. Seremala! Sasa nimeipigilia kibao chake, kimenyooka, haihami.

Hesabu_tu · saa 12:44 asubuhi

Kwa hiyo ile 80.3 iliyoanzisha uzi mzima, ilipimwa kwenye kona gani?

Chuma_Kadutu · saa 12:46 asubuhi

Usiulize.

Kifaranga_Nguba · saa 1:20 asubuhi

Mi niko nacheka peke yangu hapa Nguba. Kaka, hiyo balansi iuze, utepe ubaki.

Muzee_Bare · saa 1:35 asubuhi

Asiiuze. Ila mwezi wa nane ukianza, mdogo wangu, wiki ya harusi usibadilishe kitu. Chumvi ileile, fufu ileile, maji yaleyale. Kila niliyemwona anaharibika aliharibika wiki ya mwisho, akitafuta ile nukta moja zaidi. Na suti ya kilo 76 mwambie fundi aifungue kidogo mabegani, utakuja kumlaumu bure.

MamaLishe · saa 4:50 usiku

Chuma, nimefurahi. Kifurushi kiko wapi?

Chuma_Kadutu · saa 4:57 usiku

Nilivitupa chooni, Mama. Vyote kumi.

MamaLishe · saa 4:58 usiku

Vizuri. Na mbona uko macho saa hizi?